Hekalu la Mawe na Hekalu la Moyo

Sikukuu ya Kutabarukiwa kwa Kanisa Kuu la Laterano, 9 Novemba
Masomo: Eze 47:1-2, 8-9, 12; 1Kor 3:9-11, 16-17; Yn 2:13-22



Leo Mama Kanisa anatualika kufanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana la ajabu. Mwaka mzima tunaadhimisha mafumbo ya Bwana wetu, tunamheshimu Bikira Maria, tunawakumbuka mitume na mashahidi. Leo hatumwadhimishi mtu, bali jengo. Tena ni jengo lililoko Roma, mbali nasi, ambalo walio wengi kati yetu hatujaliona na pengine hatutaliona kamwe. Sikukuu hii ikiangukia Dominika, huchukua hata nafasi ya Dominika yenyewe. Mkristu wa kigangoni, ambaye kanisa lake ni la matofali ya udongo na mabati machache, au ambaye husali chini ya mwembe akingoja padre afike mara moja kwa miezi miwili, ana haki ya kuuliza: jengo hilo la Roma lanihusu nini mimi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimo katika mawe ya jengo hilo bali katika historia yake. Tukiifuata historia hiyo kwa utulivu tutaona kwamba inatuhusu sana, na kwamba sisi watu wa Afrika tuna sehemu yetu ndani yake tangu siku za mwanzo kabisa.

Kanisa kabla ya makanisa

Kwa muda wa karibu miaka mia tatu ya kwanza, Wakristu hawakuwa na majengo makubwa ya ibada. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia jinsi waamini walivyoumega mkate nyumbani mwao. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, anawasalimu Priska na Akwila pamoja na kanisa linalokutana katika nyumba yao. Watu waliitwa kanisa kabla jengo halijaitwa kanisa. Hata neno letu la Kiswahili “kanisa”, ambalo lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lina shina lake katika Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu, na shina hilo lina maana ya kukusanyika.

Katika mji wa kale wa Dura-Europos, kando ya mto Eufrate katika nchi ya Siria, wachimbaji wa mambo ya kale waligundua katika miaka ya 1930 nyumba moja ya kawaida ambayo Wakristu waliigeuza kuwa mahali pa sala katika nusu ya kwanza ya karne ya 3. Walibomoa ukuta uliotenga vyumba viwili ili wapate ukumbi wa kukutania. Chumba kingine walikifanya mahali pa ubatizo, na ukutani wakamchora Mchungaji Mwema akiwa amembeba kondoo mabegani. Hiyo ndiyo ilikuwa parokia yao. Ndugu zetu wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambao kila juma mnasogeza viti na kutandika mkeka sebuleni kwa jirani, mnafanya jambo lenye umri mkubwa kuliko makanisa makuu yote ya dunia.

Kadiri idadi ya Wakristu ilivyoongezeka, walianza kujenga. Na mara walipojenga, watesi wakajua mahali pa kupiga. Tarehe 23 Februari 303, chini ya Kaisari Diokletiano, kanisa la mji wa Nikomedia lilibomolewa. Amri iliyotangazwa kesho yake iliagiza kwamba makanisa yote yaangushwe na Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Watawala walidhani kwamba ukiondoa nyumba na kitabu, umeiondoa imani.

Jibu la hesabu hiyo lilitolewa katika ardhi ya Afrika. Mwaka 304, katika mji mdogo wa Abitina, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, Wakristu 49 walikamatwa kwa sababu ya kukusanyika na kuadhimisha Ekaristi siku ya Dominika, jambo lililokuwa limekatazwa. Askofu wa mji wao alikuwa amekwisha kuyakabidhi Maandiko ili yachomwe. Wao hawakumfuata katika udhaifu huo. Walipelekwa Karthago mbele ya liwali. Mmoja wao, msomaji aliyeitwa Emeritus, alikiri kwamba mkutano ulifanyika nyumbani kwake. Alipoulizwa kwa nini aliwaruhusu watu hao kuingia, alieleza kwamba hawakuweza kuishi bila adhimisho la siku ya Bwana. Alipoulizwa kama anayo Maandiko nyumbani, alijibu kwamba anayo, lakini yamo moyoni mwake.

Tulitafakari jibu hilo. Emeritus hakuwa padre; alikuwa msomaji, kama wale vijana na akina mama wanaotusomea masomo kila Dominika. Nyumba yake ilikuwa kanisa, na liwali aliweza kuifunga. Moyo wake nao ulikuwa sanduku la Maandiko, na sanduku hilo liwali hakuwa na ufunguo wake. Yale ambayo Mtume Paulo anatuambia katika somo la pili la leo, kwamba sisi ni hekalu la Mungu na Roho wake anakaa ndani yetu, kwa Emeritus hayakuwa maneno ya mfano. Yalikuwa ukweli alioutegemea mbele ya watesaji.

Kambi ya askari yawa nyumba ya Mwokozi

Miaka michache baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 28 Oktoba 312 Konstantino alimshinda mpinzani wake Maxentius karibu na mji wa Roma, na mwaka 313 Wakristu wakapewa uhuru wa kuabudu na kurudishiwa mali zao. Katika eneo la Laterano, lililopata jina lake kutokana na ukoo wa Kirumi wa Laterani, palikuwa na kambi ya askari wapanda farasi waliompigania Maxentius. Konstantino alikivunja kikosi hicho, akaibomoa kambi yao, na kiwanja akalipa Kanisa. Juu ya misingi ya kambi ya vita likajengwa kanisa kwa heshima ya Mwokozi. Mapokeo yasema kwamba Papa Silvesta alilitabaruku tarehe 9 Novemba 324. Baadaye yaliongezwa majina ya Yohane Mbatizaji na Yohane Mwinjili, na ndiyo maana wengi hulijua kwa jina la Mtakatifu Yohane wa Laterano.

Yafaa makatekista wakumbuke jambo hili, kwa kuwa mara nyingi huulizwa na wanafunzi wao: kanisa kuu la Askofu wa Roma si lile la Mtakatifu Petro huko Vatikano, bali ni hili la Laterano. Hapa ndipo kilipo kiti chake cha uaskofu. Kwa sababu hiyo huitwa mama na kichwa cha makanisa yote ya Roma na ya ulimwengu. Papa ni askofu wa watu, mwenye kanisa kuu lake, kama vile askofu wetu alivyo na lake. Tunapoadhimisha sikukuu hii tunakiri kwamba kanisa letu la kigangoni, pamoja na mabati yake yanayovuja, ni binti wa nyumba hiyo na linashiriki umoja mmoja.

Mama huyo amepatwa na mengi. Mwaka 455 Wavandali waliuteka nyara mji wa Roma. Mwishoni mwa karne ya 9 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya kanisa, likajengwa upya. Katika karne ya 14 lilipatwa na moto mara mbili. Ndani ya kuta zake ulifanyika mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, ulioagiza kila Mkristu mwenye umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka. Kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 1650, mjenzi Borromini aliligeuza sehemu za ndani, na uso wake wa mbele tunaouona leo ulikamilika mwaka 1735. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1993 bomu lililotegwa na wahalifu lililipuka karibu na kanisa hilo na kuliharibu, likatengenezwa tena.

Mtu akitafuta jiwe ambalo halikuguswa tangu siku za Papa Silvesta, atapata machache. Hata hivyo tunasema ni kanisa lile lile. Kwa nini? Kwa sababu kusanyiko ni lile lile, imani ni ile ile, na Bwana anayekaa humo hakuhama.

Ugomvi wa Afrika mbele ya Papa

Kabla hata kanisa hilo halijakamilika, eneo la Laterano lilishuhudia kikao ambacho chatuhusu sana. Mnamo Oktoba 313 Papa Miltiades, ambaye kumbukumbu za kale za Mapapa zamtaja kuwa na asili ya Afrika, aliwakusanya maaskofu katika nyumba moja huko Laterano ili kusikiliza shauri lililotoka Karthago. Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilikuwa limegawanyika. Wakati wa mateso wengine walikuwa wamekufa kishujaa, na wengine, hata maaskofu, walikuwa wamekabidhi Maandiko. Sasa amani imekuja, na kundi moja, ambalo baadaye liliongozwa na Donatus, lilidai kwamba Caecilianus, askofu wa Karthago, hakuwa askofu wa kweli, kwa kuwa mmoja wa waliomweka wakfu alishutumiwa kuwa msaliti.

Swali lililokuwa nyuma ya ugomvi huo halikuwa dogo. Je, Kanisa ni takatifu kwa sababu ya nani? Kama mhudumu ni mdhambi, je, ubatizo alioutoa ni bure? Kama jiwe moja limeoza, je, nyumba nzima imeacha kuwa ya Mungu? Kikao cha Laterano kiliamua kwa kumwunga mkono Caecilianus, lakini mgawanyiko uliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ni Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mwana wa Afrika, aliyefafanua jambo hili kuliko wote. Alifundisha kwamba sakramenti ni mali ya Kristu. Anayebatiza kwa kweli ni Kristu, hata mkono wa mhudumu ukiwa mchafu. Shambani mwa Bwana ngano na magugu vitakua pamoja hadi mavuno. Mafundisho haya yametupa amani kubwa hadi leo. Hatuhitaji kuchunguza dhamiri ya padre kabla ya kukomunika.

Lakini Augustino huyo huyo hakuruhusu mtu yeyote afanye mafundisho hayo kuwa kificho cha uzembe. Akihubiri katika siku ya kutabaruku kanisa, aliwaeleza waamini kwamba miti hukatwa msituni na mawe huchongwa mlimani, navyo ni mfano wa watu wanaokuja kwenye imani, wakafundishwa na kubatizwa kana kwamba wanachongwa na fundi. Hata hivyo, alisema, mawe na miti hiyo haiwi nyumba ya Bwana mpaka iunganishwe kwa upendo. Rundo la mawe, hata yakiwa yamechongwa vizuri namna gani, bado ni rundo. Twaweza kubatizwa sote, tukapata kipaimara sote, tukaandikwa katika daftari la parokia, na bado tukawa rundo.

Maji, krisma, kitambaa cheupe na taa

Tuone sasa jinsi liturujia yenyewe inavyofundisha jambo hili. Wale waliobahatika kuhudhuria ibada ya kutabaruku kanisa watakumbuka mpangilio wake. Askofu hunyunyizia maji ya baraka, kwanza watu, kisha kuta na altare. Huipaka altare krisma takatifu, na misalaba iliyoko kutani nayo hupakwa. Ubani hufukizwa juu ya altare, kisha watu na kuta hufukizwa. Altare hutandikwa kitambaa cheupe. Mwishowe mishumaa na taa zote huwashwa.

Sasa mkumbuke siku ile mlipomleta mtoto wenu kisimani. Alioshwa kwa maji. Alipakwa krisma takatifu. Alivikwa vazi jeupe. Baba au msimamizi alipewa mshumaa uliowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Ishara ni zile zile. Mama Kanisa alimfanyia mtoto yule mchanga, pengine aliyekuwa analia mgongoni mwa mama yake, yale yale anayoifanyia nyumba ya Mungu iliyojengwa kwa mawe. Na siku mtu huyo atakapokufa, jeneza lake litanyunyiziwa maji na kufukizwa ubani mbele ya altare, kwa sababu mwili ule ulikuwa hekalu na Mungu atauinua tena. Ubani hatufukizii vitu vya kawaida.

Hivyo tunapopiga goti mbele ya tabenakulo na kisha, tukiwa bado uwanjani pa kanisa, tukamdharau mlinzi mwenye viatu vilivyochanika, tumeheshimu hekalu moja na kulivunja lingine. Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwaonya watu wa zama zake wasimpambe Kristu kanisani kwa vitambaa vya hariri huku wakimwacha nje akitetemeka kwa baridi. Onyo hilo halikusemwa ili tuache kujenga makanisa. Tunajenga, na michango ya ujenzi ni wajibu mwema, kwa maana watu wasio na mahali pa kukutania husahau upesi kwamba ni familia. Lakini tukijenga mnara kwa fedha zilizopatikana kwa kumnyima mfanyakazi ujira wake, mnara huo utatushitaki.

Katika Injili ya leo Bwana Yesu anatengeneza mjeledi wa kamba na kuwafukuza wafanya biashara Hekaluni. Wanapomdai ishara, anasema habari za hekalu litakalobomolewa na kusimamishwa tena siku ya tatu, naye Mwinjili Yohane atueleza kwamba alisema juu ya mwili wake mwenyewe. Tangu siku hiyo mahali pa kukutana na Mungu ni Mwili wa Kristu, na sisi tu viungo vya Mwili huo. Basi mjeledi ule unahusu pia biashara tunayoifanya mioyoni mwetu.

Nyange

Wapendwa wasikilizaji, hatuwezi kuzungumza juu ya mahekalu haya mawili katika eneo letu la Maziwa Makuu bila kutaja jambo zito. Tunalitaja kwa unyenyekevu na kwa heshima kwa waliokufa.

Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza nchini Rwanda, maelfu ya watu walikimbilia makanisani. Katika machafuko ya miaka ya nyuma wazee wao walikuwa wamepata hifadhi humo, nao waliamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu mbele ya altare. Walikosea. Huko Ntarama, Nyamata na mahali pengi pengine watu waliuawa ndani ya kuta zilizokuwa zimepakwa krisma. Katika parokia ya Nyange, katikati ya Aprili, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500 waliokuwa wamejificha ndani. Padre aliyekuwa na dhamana ya parokia hiyo alihukumiwa na mahakama ya kimataifa mwaka 2006 kwa kushiriki katika uovu huo, na mwaka 2008 adhabu yake ikafanywa kifungo cha maisha. Wauaji wengi na waliouawa wengi walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wameimba nyimbo zile zile na kupokea Mwili ule ule wa Kristu.

Siku zile zile, kuanzia tarehe 10 Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walikuwa Roma katika Sinodi Maalumu kwa ajili ya Bara letu, wakitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu. Mfano huo wa nyumba na familia ulichaguliwa kwa kuwa twauelewa kuliko mingine yote. Na kumbe saa ile ile familia ilikuwa inachinjana ndani ya nyumba ya Baba.

Tuseme nini basi? Tukisema kwamba dhambi hiyo ililifanya Kanisa lisiwe la Kristu, tutarudi katika kosa la Donatus. Ubatizo wa watu wale ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana dhambi ilikuwa kubwa namna ile. Lakini tukisema kwamba utakatifu ni wa Kristu, basi makosa ya watu hayatuhusu, tutakuwa tumemsikia Augustino nusu tu. Mtume Paulo anaonya kwamba anayelibomoa hekalu la Mungu, Mungu atamwangamiza, na hekalu hilo ni mtu. Kuta za Nyange zilianza kubomoka kabla tingatinga halijafika. Zilibomoka siku ile jirani alipoanza kumwita jirani yake mende na wengine wakacheka au wakanyamaza. Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nyufa zile hazikuzibwa.

Tarehe 20 Machi 2017 hayati Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watoto wake katika msiba huo, wakiwemo mapadre na watawa. Kuomba msamaha hakulidhoofishi Kanisa. Ni kulifagia Hekalu, kama Bwana alivyofanya.

Lakini historia ya Nyange haikuishia kwenye kifusi. Mahali hapo hapo pana shule ya sekondari. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, hata miaka mitatu ilikuwa bado haijatimia, watu wenye silaha waliingia madarasani wanafunzi walipokuwa wakijisomea. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Waliamriwa tena, wakakataa tena. Basi wale watu waliwafyatulia risasi na kuwarushia mabomu ya mkono; baadhi yao wakafa, wengi wakajeruhiwa. Taifa la Rwanda limewaheshimu vijana hao kama mashujaa.

Walikuwa wanafunzi wa sekondari. Hawakuwa na altare mbele yao, bali madawati. Katika chumba kile, usiku ule, mawe yaliyo hai yalikataa kutenganishwa. Kile ambacho Augustino alisema juu ya mawe yanayounganishwa kwa upendo, vijana wale walikitimiza pale ambapo wakubwa wao walikuwa wamekivunja. Mwenye kuuliza nyumba ya Mungu ilikuwa wapi huko Nyange, na alitazame darasa lile.

Tufanye nini?

Tuirudie sasa nafsi yetu. Nabii Ezekieli katika somo la kwanza aliona maji yakitoka chini ya kizingiti cha Hekalu, yakateremka na kuiponya bahari ya chumvi, na kila mahali yalipopita palikuwa na uhai. Hayo ndiyo matokeo ya hekalu la kweli. Uhai wake hauishii mlangoni.

Kwanza, tulitunze kanisa letu, hata likiwa dogo. Tulifagie, tuingie humo kwa adabu, tukae kimya mbele ya Bwana. Mtoto anayemwona baba yake akipiga goti kwa heshima amepata somo ambalo katekista hatalazimika kulieleza kwa maneno mengi.

Pili, tulitunze hekalu la mwili na la roho. Ulevi, uzinzi, matusi na visasi ni meza za wabadili fedha zilizopangwa ndani ya nyumba isiyo yetu. Sakramenti ya Kitubio ipo ili Bwana azipindue. Tusingoje Pasaka ikiwa nyumba imechafuka leo.

Tatu, tuziangalie nyufa katika jumuiya zetu. Je, kuna kabila, ukoo au familia ambayo tunapoitaja hupunguza sauti? Je, kuna mtu ambaye zamu ya sala haifiki nyumbani kwake kwa sababu ni maskini, au ni mgonjwa, au kwa sababu ya mambo yaliyosemwa juu yake? Kabla ya Noeli zamu hiyo na ifike kwake. Tukipeleka kiti na mkeka katika nyumba hiyo, tutakuwa tumefanya kazi ya kutabaruku.

Ee Mungu Baba, uliyekubali kukaa kati ya wanao, utusamehe kwa kila hekalu tulilolibomoa. Uwapokee katika nyumba yako wote waliokukimbilia wakauawa mbele ya altare yako. Utuunganishe kwa upendo, jiwe kwa jiwe, ili anayekutafuta katika kijiji chetu akuone. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristu!